Unywele Unaoning'inia Si Shahidi wa Kutosha

Wembe wa kukunja unaweza kukata unywele hewani asubuhi na bado ukakwaruza shavu mchana. Wanaoanza kunoa hulilaumu jiwe, wakati kilichokosewa ni kipimo: wameuuliza wembe swali ambalo uso hauulizi.

Tuanze kwenye kinoo. Wembe huu, uwe wa Solingen au wa Sheffield, umeundwa ili mgongo wake ulale juu ya jiwe pamoja na makali. Unene wa mgongo na upana wa bapa ndivyo vinavyoamua pembe, ambayo kwa kawaida ni nyuzi 16 au 17 hivi; mkono wa mnoaji hauna usemi hapo. Kwa hiyo kwenye jiwe la namba 1000 kinachotafutwa ni kimoja: pande mbili zimekutana, kuanzia kisigino hadi ncha? Taa inatosha kujibu. Elekeza makali juu chini ya balbu na uyageuze polepole. Panapoonekana uzi mweupe wa mwanga, hapo hazijakutana, kwa sababu makali kamili hayana bapa la kurudisha mwanga. Wengine huyagusisha kwenye ukucha uliolowa waone kama yanakamata au yanateleza. Katika hatua hii sawa. Baada ya mawe laini usithubutu, ukucha utayaharibu.

Vinyweleo vya mkono ndivyo vinavyodanganya wengi. Ni vyembamba, na makali ya namba 1000 yaliyonolewa vizuri huviondoa bila shida. Ndevu ni habari nyingine. Kipimo chenye maana zaidi ni kuupitisha wembe juu ya vinyweleo bila kugusa ngozi: vikikatika vikiwa vimesimama, unaweza kuanza kufikiria uso.

Sasa huo unywele unaoning'inia, kipimo chenye sifa kuliko vyote. Unashika unywele mmoja, unaushusha juu ya makali, ukikatika unashangilia. Lakini nywele za watu hazilingani unene, unywele mkavu hautoi jibu sawa na uliolowa, na hata ukiushika upande wa shina au wa ncha matokeo hubadilika, kwa kuwa ganda lake lina magamba yanayoelekea upande mmoja. Anayetumia unywele wa kichwa kile kile, ameushika vile vile kila mara, anaweza kulinganisha wembe wake wa leo na wa jana. Kuulinganisha na wa jirani ni porojo. Isitoshe, makali yaliyonolewa kupita kiasi huacha ukingo mwembamba wa chuma usio na nguvu. Ukingo huo hukata unywele kwa mbwembwe, kisha hujikunja kwenye ndevu za kwanza.

Kuna sababu nyingine ya kutoamini sehemu moja ya wembe. Mwaka 2020 Gianluca Roscioli na wenzake wa MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science utafiti wa jinsi unywele unavyoharibu chuma kilicho kigumu kuuzidi takriban mara 50. Roscioli alinyoa ndevu zake kwa nyembe za kutupwa, kisha akazitazama kwa hadubini ya elektroni. Hakuona makali yaliyoviringika kwa kuchakaa. Aliona vipande vidogo vimemeguka, hasa pale unywele ulipopata nafasi ya kupinda. Zile ni nyembe za kiwandani, lakini fundisho linamhusu hata mwenye wembe wa kukunja: ubutu huweza kuanza kama kidoa. Pima kisigino, katikati na ncha, kila mahali peke yake.

Vinyozi wengi wa kwetu wanaopachika nusu ya wembe wa pakiti kwenye mpini na kuitupa baada ya mteja wamejiondolea kazi hii yote, na kwa afya ya wateja ni heri hivyo.

Aliyebaki na wembe wa kunoa aupitishe kwanza kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, kisha aketi mbele ya kioo. Ndevu zilowe maji ya uvuguvugu dakika mbili tatu. Zikiwa kavu hata wembe mzuri utaonekana mbaya. Aanze shavuni kufuata zinakoelekea, ngozi imevutwa, wembe umelala nyuzi 30 hivi. Shavu hupitisha nyembe nyingi. Kidevu na juu ya mdomo ndiko zinakokwama. Ukihisi kuvutwa, makali hayajafika: rudi kwenye jiwe la mwisho. Usipovutwa, suuza uso na upake shabu iliyolowa. Itawasha pale wembe ulipokwangua ngozi. Ikiwasha kote ingawa ndevu zimetoka zote, na mkono haukukandamiza, makali ni makali lakini hayajalainika. Hapo jaribu mkanda tena kabla ya kugusa jiwe.