Sifa za Bandi

Katika kazi zote za mikono zilizoipa Kariakoo riziki na heshima, tangu ilipokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, sioni yenye adabu kubwa kuliko ushonaji. Nami nausifu kwa kuwa ndio uliomlea babu yangu, fundi cherehani wa barazani katika mtaa wa Narung'ombe, aliyeitikia wito wa Mola wake mwaka huu, tukamzika Kisutu.

Alianza uanagenzi katika miaka ya 1950, zama ambazo Abdulwahid Sykes alikuwa msimamizi wa soko, na TANU, iliyoundwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa na ofisi yake si mbali na hapo, katika mtaa ambao leo waitwa Lumumba. Karatasi ya kukatia vigezo ilikuwa magazeti makuukuu, na hapo ndipo tabia ya babu ilipodhihirika: hakutia mkasi katika ukurasa wowote, uwe wa Mambo Leo au wa Ngurumo, mpaka ameusoma upande huu na upande wa pili, kisha akawauliza waliokaa barazani, "Aliyesema haya ana dalili gani?"

Kitambaa kikishakatwa, fundi mwenye pupa hukipitisha chini ya sindano papo hapo. Babu alikipiga bandi kwanza, kwa uzi mweupe na mishono mirefu ya mkono, akamvisha mwenye nguo, akamzunguka taratibu, akamwambia ainue mikono ili ajue kama kunabana kwapani. Na penye kasoro aliuvuta uzi ule kwa ncha za vidole, nguo ikabaki salama bila tundu wala alama.

Rai zake nazo zilikuwa za bandi. Alikuwa mtu wa fikra huru, naye kauli ya kwamba ndivyo tulivyowakuta wazee hakuihesabu kuwa ni hoja, iwe imetoka kwa jirani au kwa mwanachuoni. Lakini hakumdhalilisha aliyeisema, alimmiminia kahawa wakaendelea. Zamani aliitakidi kuwa mwanamke hawezi kukata koti. Mama yangu alipolikata moja, likakaa sawasawa begani, aliifumua itikadi hiyo mbele ya wanagenzi wake wote, akamkabidhi mkasi. Na sanda ya maskini hakuitoza ujira, wala hakuuliza kama marehemu alikuwa akiswali.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 na mitumba ikafurika, mafundi wengi walibaki na kazi ya kupunguza viuno na kukunja upya mapindo, kazi halali lakini isiyomfundisha kijana kukata. Babu aliendelea kumpima kila mteja kwa futi yake, hata aliyeleta kitambaa cha bei ya chini kabisa, akiamini kuwa kila mwili una haki ya nguo iliyokusudiwa kwa ajili yake.

Mafundi wa barazani bado wapo Kariakoo, ijapokuwa nyumba nyingi za baraza zimevunjwa kupisha maghorofa. Basi, msomaji wangu, ukiwa na kitambaa cha Idi au cha harusi, mpelekee fundi wako mapema, wala usimharakishe, apate siku ya kukipiga bandi.