Maabara Nane Kuwa Moja: Uganda Ilivyowafikishia Watoto Wachanga Kipimo cha VVU

Kipimo cha kawaida cha VVU, kile kinachotafuta kingamwili, hakifai kwa mtoto aliye chini ya miezi 18. Kingamwili za mama humwingia mtoto angali tumboni na huweza kudumu mwilini mwake zaidi ya mwaka, hivyo kipimo hicho hakiwezi kutenganisha aliyeambukizwa na aliyebeba tu kinga ya mama. Lazima atafutwe kirusi mwenyewe kwa mashine ya PCR, nayo inataka umeme wa uhakika, vitendanishi vinavyotunzwa kwenye baridi na mtaalamu aliyefunzwa. Muda nao ni mfupi mno: bila dawa, karibu nusu ya watoto walioambukizwa na mama zao hufa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Uganda ilianza kupanua huduma hii mwaka 2006 kwa kutumia damu iliyokaushwa. Mhudumu humchoma mtoto kisiginoni, hudondosha damu kwenye miduara iliyochapwa juu ya karatasi nene ya kuchujia, huiacha ikauke kwa saa kadhaa, kisha huifunga katika mfuko wenye vipakiti vya kufyonza unyevu. Damu hiyo haimwagiki, na hukaa wiki kadhaa bila jokofu. Mbinu si ngeni. Robert Guthrie wa Marekani aliitumia miaka ya 1960 kuwapima watoto wachanga ugonjwa wa kurithi. Kwa zahanati isiyo na umeme, karatasi hii ina thamani kuliko mashine nyingi za bei kubwa, kwa kuwa iliondoa kabisa haja ya barafu njiani.

Ikabaki njia yenyewe. Posta ya Uganda ilikuwa ikivifikia asilimia 35 tu ya vituo vilivyotoa huduma hiyo, na vilivyobaki vilisafirisha sampuli kila kimoja kwa namna yake. Vipimo vyenyewe vilifanyika katika maabara nane zilizoendeshwa na mashirika yenye vituo vya utafiti.

Hapo Wizara ya Afya ilichukua hatua ambayo mtu wa haraka angeiona inarudisha huduma nyuma: badala ya kuongeza maabara, ilizipunguza. Kazi yote ilikusanywa katika maabara moja ya wizara jijini Kampala. Sababu imo katika utendaji wa mashine. PCR ya maabara kubwa hupima sampuli nyingi kwa mkupuo mmoja. Panapofika sampuli chache, ama zisubiri idadi itimie huku mtoto akiugua, ama mashine iendeshwe nusu tupu na vitendanishi vipotee. Sampuli za nchi nzima zikikutana mahali pamoja, mkupuo hujaa mapema. Gharama za uendeshaji kwa kila kipimo zilishuka kutoka dola 22.20 za Marekani hadi wastani wa dola 5.

Uamuzi huo usingekuwa na maana bila pikipiki. Vituo 19 vyenye maabara viliteuliwa kuwa vitovu vya majaribio, vikihudumia vituo vya afya 616. Mwendesha pikipiki wa kitovu huzunguka vituo vya eneo lake kwa ratiba, hukusanya sampuli na kukabidhi majibu ya zilizotangulia. Kutoka kitovuni mzigo huelekea Kampala. Tathmini ya mwaka 2012 ilionyesha gharama za usafirishaji zimepungua kwa asilimia 62, na muda wa kusubiri majibu kwa asilimia 46.9. Printa ndogo zinazopokea majibu kwa mtandao wa simu zilipunguza muda huo kwa asilimia 46.2 zaidi. Takwimu hii ya mwisho inastahili kuangaliwa sana na wapangaji wa afya: sehemu kubwa ya ucheleweshaji uliobaki ilikuwa katika safari ya majibu kurudi, safari ambayo mipango mingi huisahau.

Baadaye njia hizo hizo zilibeba makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu na damu ya kupima wingi wa virusi.

Mfumo huu una udhaifu. Pikipiki hutaka mafuta na matengenezo kila mwezi, na hitilafu katika maabara pekee hugusa nchi nzima. Tena, hata majibu yakiwahi kituoni, mama huenda asirudi kuyachukua. Msumbiji ilijaribu njia nyingine, mashine ndogo inayopima papo hapo kituoni na kutoa majibu siku hiyo hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba karibu asilimia 90 ya watoto walioambukizwa walianza dawa ndani ya siku 60 katika vituo vyenye mashine hizo, dhidi ya asilimia 13 katika vituo vilivyotegemea maabara ya mbali. Tofauti hiyo ni ya uhai. Hata hivyo, mashine ya kituoni hupima mtoto mmoja mmoja, na katika zahanati inayopokea watoto wachache kwa mwezi vitendanishi vyake huweza kuisha muda kabla ya kutumika. Mgawanyo unaofaa ni kuiweka penye watoto wengi wa kupimwa, na kuziachia pikipiki zahanati zilizotawanyika.