Wastani, Kati na Mchepuko: Uhakiki wa Istilahi za Muhtasari wa Takwimu na Maandishi ya Michoro

Istilahi za takwimu zimekwisha kutoka katika vitabu vya hisabati. Siku hizi husomwa katika taarifa za kata, katika vituo vya afya, katika ofisi za ushirika na katika madarasa ya sekondari. Kompyuta imezidi kuzieneza. Karani akiisha kuingiza safu ya namba, programu humtolea muhtasari na mchoro mara moja, nao hufasiriwa kwa Kiswahili ili usomwe na watu wote. Hapo ndipo penye kazi ya mhakiki, kwani kosa la hesabu aghalabu hugunduliwa na mkaguzi, lakini kosa la istilahi hupita na kuaminiwa.

Makala haya yanazipima istilahi chache kwa kuzipeleka mahali zinapotumika. Mahali hapo ni Magoma, wilayani Korogwe, mkoani Tanga, penye shamba la mkonge na chama cha ushirika cha wakulima wa zao hilo. Watu wa mashamba ya mkonge wameishi na hesabu tangu zamani. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Baadaye kazi ya shambani ikapimwa kwa kipande cha siku 30, na vibarua walioletwa kutoka mikoa ya mbali, hasa baada ya kuundwa SILABU mwaka 1944, wakaitwa manamba, neno lililotokana na namba. Watu waliokwisha kuitwa kwa namba wana haki ya kujua namba zinasema nini juu yao.

Wastani na kati

Tuchukue mfano wa kubuni. Wakulima saba wamepeleka majani ya mkonge kwenye korona, nayo mizigo yao kwa tani ni hii: 4, 5, 5, 6, 7, 8 na 35. Jumla ni tani 70. Ukiigawa kwa saba unapata 10. Namba iliyo katikati ya safu ni 6. Namba iliyojirudia zaidi ni 5. Taarifa ikiandika kwamba "mkulima wa wastani alipeleka tani 10", wakulima sita kati ya saba watajiona wazembe, na hali aliyeipandisha hesabu ni mmoja tu. Kama makato ya mkopo au makisio ya mwaka ujao yatapangwa kwa tani hizo 10, neno litakuwa limewatoza watu fedha.

Asili ya mkanganyiko ni neno lenyewe. Wastani limetokana na shina la Kiarabu lenye maana ya katikati. Katika mazungumzo ya kila siku, mtu wa kimo cha wastani ni yule asiye mrefu wala mfupi, yaani aliye katikati ya wenziwe. Lakini wanahisabati wamelitwaa neno hilo kwa jumla iliyogawanywa sawasawa. Waarabu wenyewe wametoa maneno mawili katika shina hilo: moja kwa mgawanyo wa jumla, na jingine kwa namba ya katikati. Sisi tumechukua moja tu, kisha tukaliachia lifanye kazi zote.

Hatudai kwamba wastani liondolewe. Limekwisha kukaa shuleni na katika taarifa za taifa. Sensa ya mwaka 2022, kwa mfano, ilipata wastani wa watu 4.3 katika kaya, na kila mwalimu anajua kueleza kwamba hakuna nyumba yenye watu wanne na sehemu tatu za mtu. Tunachodai ni kwamba lisitumiwe kwa jambo la pili. Namba ya katikati iitwe namba ya kati, kwa maneno yote matatu. Kati peke yake haifai, kwa kuwa "kati ya tani 6" husomeka kana kwamba kuna mpaka mwingine usiotajwa. Ile inayojirudia zaidi wengi huiita modi. Neno hilo halina ubaya darasani, ila mfasiri wa programu na ajihadhari. Katika programu ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, amri yenye jina hilo la Kiingereza hutaja aina ya data iliyohifadhiwa, wala haihesabu marudio yoyote.

Robo nazo zina mtego. Robo ya tatu ya mizigo yetu saba ni 7.5 kwa njia ambayo R huifuata isipoagizwa nyingine, na ni 8 kwa njia inayofundishwa katika vitabu vingi vya shule. Programu hiyo ina njia tisa za hesabu hii. Istilahi ni sahihi pande zote mbili, lakini haitoshi: taarifa haina budi kutaja njia iliyotumika.

Mchepuko sanifu

Istilahi hii ina makosa mawili. Kwanza, sanifu kwa msomaji wetu ni kilichotengenezwa vizuri na kukubaliwa, kama Kiswahili sanifu. Mkulima aambiwapo kuwa mchepuko sanifu ni tani 11.1, anaweza kudhani kwamba ndio mchepuko ulioruhusiwa. Pili, mchepuko limekwisha kupata mtaani maana ya mpenzi wa pembeni, na mwalimu alitamkapo hupoteza darasa kwa kicheko. Mkengeuko, linalopendekezwa na wengine, nalo limeelemea kwenye maadili. Mtawanyiko ni neno safi: mbegu hutawanyika, na namba hutawanyika kutoka kwenye wastani wake. Twapendekeza kipimo cha mtawanyiko katika taarifa za wananchi, na mchepuko sanifu libaki katika vitabu ambamo limekwisha kuelezwa.

Maandishi ya mchoro

Neno la Kiingereza analokutana nalo mfasiri kwa mchoro wa takwimu lina pia maana ya kiwanja, ya njama, na ya msuko wa hadithi. Anayefasiri kwa kamusi pekee ataweza kuwaandikia watu wa Magoma juu ya kiwanja cha mvua. Vivyo hivyo, neno la idadi ya marudio hugeuzwa masafa, ambalo ni neno la redio. Kwa bahati njema, mhimili mlalo na mhimili wima yamekwisha kuzoeleka, na kwa maelezo ya rangi na alama tunalo ufunguo, ambalo kila mwanafunzi amelisoma kwenye ramani.

Hatari kubwa zaidi ni neno lililoachwa. Mhimili ulioandikwa "Mkonge (tani)" hausemi ni tani za nini. Singa ni kama sehemu 4 tu katika 100 za uzito wa jani, hivyo tani 100 za majani hutoa takriban tani 4 za singa. Tanzania ilipozalisha zaidi ya tani 230,000 mwaka 1964, hizo zilikuwa tani za singa. Atakayeweka hesabu hiyo pamoja na tani za majani katika mchoro mmoja atakuwa amekosea mara ishirini na tano, bila kukosea kujumlisha.

Vitendaji saidizi

Wachambuzi hujiandikia maagizo mafupi ya kompyuta, wakayapa jina, kisha wakayaita kila wanapotaka muhtasari au maandishi ya mchoro. Wengine huyaita kazi, neno pana mno. Mtendaji halifai kabisa, kwani kijijini mtendaji ni ofisa wa serikali. Kitendaji ni bora: ki- ya ala yatuonyesha kuwa ni chombo. Tena R haikatazi majina ya Kiswahili. Kitendaji chaweza kuitwa muhtasari, nacho kikaandika chenyewe "namba ya kati" na "tani za majani". Istilahi ikiisha kuwekwa humo, karani hatakuwa na haja ya kuifasiri upya kila mwezi.

Mapendekezo

1. Wastani litumike kwa jumla iliyogawanywa tu. Namba ya kati itajwe kando yake kila panapohusika mapato au mazao ya watu.

2. Robo zitajwe pamoja na njia ya hesabu.

3. Kila mhimili uandikwe kitu kinachopimwa, kipimo chake, na wakati wake.

4. Istilahi mpya isomwe kwanza mbele ya watu itakaowahusu, nao waulizwe wameelewa nini, kabla haijapigwa muhuri.

Takwimu lenyewe zamani lilimaanisha kalenda, kisha likahamia kwenye kazi lililo nayo leo. Maana hubadilika, na si vibaya. Ila zinapobadilika, anayelipwa kwa tani hana budi kupewa habari.