Mkono wa Bahati na Sauti Isiyo na Uso

Kuna filamu ambazo watazamaji huzipenda kwa sharti, na Meet Me in Las Vegas ni mojawapo. Tangu ilipotolewa na kampuni ya MGM mwaka 1956, sifa na lawama zake zimekuwa zikitembea bega kwa bega. Mtazamaji atalalamika kwamba hadithi yake ni nyepesi mno, kwamba saa moja na dakika hamsini ni muda mrefu kwa kisa ambacho kingetosha nusu yake, kisha, kabla hajatua, atasema: lakini Cyd Charisse anavyocheza! Kwa istilahi zilizozoeleka katika uhakiki wa Kiswahili, hukumu hiyo hutenga fani na maudhui. Fani hupewa taji, maudhui hufukuzwa. Ni hukumu ya haki kwa kiasi fulani, lakini inaiachia filamu hii mlango wa kutorokea, kwa sababu jambo zito kuliko yote lililomo ndani yake limewekwa katika fani, pale pale watazamaji wanapopiga makofi.

Kisa chenyewe hakihitaji maneno mengi. Chuck Rodwell, mfugaji wa ng'ombe anayeigizwa na Dan Dailey, ni mtu wa kupoteza kila anapokwenda Las Vegas. Siku moja anaushika mkono wa Maria Corvier, mcheza baleti aliyefika hapo kutumbuiza katika hoteli ya Sands, na ghafla dau lake linashinda. Akiuachia, bahati inakatika. Akiushika tena, inarudi. Maria anakereka, anashangaa, kisha anapenda. Roy Rowland aliyeiongoza na Joe Pasternak aliyeitayarisha hawakuwa na haja ya zaidi ya hapo, kwani kisa ni kamba tu ya kuanikia nyimbo, dansi na nyuso mashuhuri zinazopita kama wageni wa harusini. Frank Sinatra anaonekana kwa dakika chache akiwa kwenye mashine ya kamari. Mzaha huo ulikuwa mtamu zaidi kwa aliyejua kwamba Sinatra mwenyewe alikuwa na hisa katika Sands.

Hapo panatokea kundi la pili la watazamaji, wale wasiojali mapenzi wala baleti. Wao huitazama filamu hii kama mtu anayefungua albamu ya picha za zamani. Sands ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 1952 na ikabomolewa kwa baruti mwaka 1996. Mahali pake leo pamesimama hoteli ya Venetian. Kwa hiyo kila picha ya bwawa la kuogelea, ya ukumbi wa kamari, ya wanawake waliovaa glavu wakivuta mkono wa mashine, ni kumbukumbu ya mahali pasipokuwapo tena. Furaha yao inaeleweka. Na ni hao hao, pengine bila kukusudia, wanaoipa filamu hii uzito ambao wapenzi wa dansi huinyima: wanaichukua kuwa ushahidi. Wakisema ndivyo Las Vegas ilivyokuwa, basi ni halali kuuliza ni Las Vegas ya nani.

Nevada ilihalalisha kamari mwaka 1931. Kufikia miaka ya 1950, biashara hiyo ilikuwa imejenga safu ya hoteli kubwa jangwani, na biashara yenyewe haikutegemea bahati hata chembe. Gurudumu la ruleti la Kimarekani lina vishimo 38: nambari 1 hadi 36, pamoja na sifuri na sifuri mbili. Anayeweka dola moja juu ya nambari moja, ikaangukia hapo, hulipwa faida ya dola 35. Mchezo ungekuwa wa sawa kwa sawa, angelipwa 37. Tofauti hiyo, ambayo ni takriban senti tano kwa kila dola inayowekwa mezani, ndiyo inayolipia mazulia, taa na mishahara ya waimbaji. Filamu hailisemi hilo, na hakuna sababu ya kuitaka iseme. Vichekesho si somo la hesabu. Ila inafanya kitu cha werevu zaidi kuliko kulificha. Inaitoa bahati mezani na kuitia katika kiganja cha binadamu. Kasino inakuwa mahali ambapo mtu anaweza kushinda iwapo tu atampata mwenziwe wa kumshika mkono, na mwenye nyumba anageuka kuwa shahidi mpole wa mapenzi ya watu.

Kiswahili kina maneno mawili yanayosaidia hapa, nayo yamekwisha kuunganishwa katika jina la mchezo wenyewe wa kubahatisha: bahati nasibu. Bahati humjia mtu pasipo taarifa. Nasibu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni fungu, sehemu ambayo mtu amekatiwa. Meet Me in Las Vegas inazungumzia bahati kutoka mwanzo hadi mwisho. Juu ya nasibu, yaani nani amekatiwa fungu gani katika mji ule, haitamki neno, lakini inaonyesha.

Mwaka filamu ilipotoka, Wamarekani weusi hawakuruhusiwa kukaa kwenye meza za kamari za hoteli kubwa za Las Vegas. Hata waimbaji waliojaza kumbi za hoteli hizo walikuwa, isipokuwa wachache waliopewa upendeleo, wakimaliza kazi na kwenda kulala upande wa magharibi wa mji, katika nyumba za kupangisha za mtaa wa Weusi. Mnamo Mei 1955 ilifunguliwa Moulin Rouge, hoteli ya kwanza yenye kasino mjini humo iliyowapokea wateja wa rangi zote pamoja. Haikumaliza mwaka kabla ya kufunga milango. Hoteli nyingine zilikubali kuwaondolea Weusi vizuizi Machi 1960, baada ya James McMillan, daktari wa meno aliyekuwa kiongozi wa chama cha kutetea haki zao mjini humo, kutangaza kwamba watu wangeandamana. Kwa hiyo hadithi inayosimama juu ya mkono kuushika mkono mezani iliwekwa katika ukumbi ambamo mikono fulani haikuruhusiwa kuigusa meza yenyewe.

Wako watakaosema kwamba huku ni kuibebesha filamu ya kuchekesha mzigo usio wake. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama filamu ingejitungia mji wa kubuni, kama zifanyavyo filamu nyingi za muziki. Hii haikutaka hivyo. Ilikwenda Sands yenyewe, ikaitaja kwa jina, ikawaweka wasanii halisi jukwaani wakiwa na majina yao halisi. Imejinadi kwa uhalisi wake. Haiwezi kuukana uhalisi huo unapodai malipo.

Lena Horne ni mmoja wa wasanii hao. Anapanda jukwaani, anaimba wimbo mmoja kwa ule utulivu wake unaokaribia dharau, na anatoweka. Hana mazungumzo na Chuck wala Maria. Wimbo wake ungeweza kunyofolewa na hadithi isipungukiwe chochote. Aliyezoea filamu zake za miaka ya 1940 atautambua mpangilio huo mara moja. Kampuni hiyo hiyo ya MGM ilizoea kumweka katika vipande vilivyojitenga, ili majumba ya sinema ya majimbo ya Kusini yaweze kuvikata bila kuharibu mtiririko. Alikuwa hajaonekana katika filamu ya MGM tangu Duchess of Idaho ya mwaka 1950, na aliporudi alikuta kiti chake ni kile kile, kando. Watazamaji wengi humtaja kuwa moja ya raha za filamu. Ni kweli, na hapana ubaya kuifurahia raha hiyo. Lakini atazamwe pia mahali aliposimamishwa.

Sehemu ya pili ndiyo inayotajwa na karibu kila anayeizungumzia filamu hii: dansi ndefu ya Frankie and Johnny, iliyobuniwa na Hermes Pan. Charisse ni Frankie, John Brascia ni Johnny, na Liliane Montevecchi ni yule mwanamke mwingine. Hapa unyenyekevu wa vichekesho unakwisha. Charisse, aliyelelewa katika baleti tangu utotoni, anaivunja baleti yake vipande vipande: nyonga inakataa pale mguu unapokubali, mkono unaonyooka kwa adabu ya darasani unageuka ghafla kuwa kisu. Skrini pana ya CinemaScope, ambayo kwingineko katika filamu imejaa fanicha, hatimaye inapata kazi ya kufanya. Wivu unavuka jukwaa zima bila kukatwa. Hakuna katika mandhari ya mapenzi ya Chuck na Maria kitu chenye joto la namna hii, na wanaodai kwamba dakika hizi peke yake zinatosha kulipia tiketi hawajatia chumvi.

Anayesimulia kisa kwa kuimba ni Sammy Davis Jr. Haonekani.

Novemba 1954 Davis alikuwa amepoteza jicho la kushoto katika ajali ya gari, akitoka kutumbuiza Las Vegas kwenda Los Angeles. Alirudi jukwaani upesi, na jina lake likawa kubwa kuliko awali. Katika filamu inayokusanya watu mashuhuri wa mji huo na kuwapitisha mmoja mmoja mbele ya kamera, hata kwa dakika moja, hata kwa mzaha, yeye ametoa sauti tu. Na sauti hiyo si pambo. Ndiyo inayowaamuru wachezaji, inayowacheka, inayojua kabla yao mwisho utakuwaje. Charisse anacheza juu ya sauti ya Davis kama mtu anayetembea juu ya sakafu.

Kuna kinyume chake kinachostahili kuwekwa kando ya hili. Charisse mwenyewe, katika filamu zake za muziki, mara nyingi aliazimwa sauti ya kuimbia: India Adams alimwimbia katika The Band Wagon, Carol Richards katika Brigadoon na Silk Stockings. Hollywood ilikuwa na mazoea ya kuvitenganisha sauti na mwili na kuviunga upya itakavyo, na si kila utengano ulikuwa wa rangi. Tofauti iko katika kinachobaki baada ya mkato. Mwili wa Charisse ulibaki, na jina la filamu likabaki lake. Katika Frankie and Johnny, kilichoondolewa ni mtu.

Tena wimbo wenyewe una historia inayoukaza utengano huo. Watafiti wengi huuhusisha na Frankie Baker, mwanamke mweusi wa St. Louis aliyempiga risasi mpenzi wake, Allen Britt, mwaka 1899, na akaachiwa huru kwa kuwa alijitetea. Wimbo ulimfuata kila alikohamia. Alipokuwa mtu mzima huko Oregon aliishtaki kampuni moja ya filamu kwa kuyatumia maisha yake, akashindwa. Katika Meet Me in Las Vegas, mwili wake umepewa Charisse na sauti ya kumsimulia imepewa Davis. Watazamaji humwona mmoja na kumsikia mwingine. Frankie Baker alikuwa amefariki mwaka 1952, mwaka ule ule Sands ilipofungua milango yake.