Kiti cha Mbele

Shingo ya selo haina vipande vya chuma vya kumwonyesha mpigaji pa kubana, kama ilivyo kwa gitaa. Mtoto huitafuta sauti kwa sikio na kwa kumbukumbu ya kidole. Akikosea kwa upana wa punje ya mchele, nyumba nzima inasikia. Wapenzi wa taarabu ya Unguja wanaijua ala hii, ile fidla kubwa inayokaa kati ya magoti. Inataka subira, na si subira ya mtoto peke yake. Mwalimu humwona mara moja kwa wiki. Siku zilizobaki ni za mzazi.

Ndiyo maana nikisikia watu wakisema watoto wa Kanneh-Mason wa Nottingham, Uingereza, wamezaliwa na kipaji tu, naona kuna kazi inafichwa. Ni ndugu saba, wote wanamuziki wa klasiki. Mama yao, Kadiatu Kanneh, alizaliwa Sierra Leone; baba yao, Stuart Mason, ana asili ya Antigua. Watoto walisoma shule ya serikali. Jumamosi walirauka gizani kuwahi treni ya London, kwenda kwenye masomo ya watoto ya Royal Academy of Music, kisha safari ya kurudi. Hesabu nauli. Hesabu nyuzi zinazokatika, upinde unaodai singa mpya za farasi, na ala inayobadilishwa kila mtoto anaporefuka. Sheku, wa tatu, alifaulu mtihani wa selo wa daraja la nane, la juu kabisa, akiwa na miaka tisa.

Ufundi wa mzazi ninaousifu ni wa kusikiliza: kujua lini useme "rudia" na lini unyamaze, kujua kuwa mistari minne iliyopigwa polepole humjenga mtoto kuliko kipande kizima kilichokimbizwa. Mzazi Mweusi ana somo jingine lisilokuwamo katika kitabu cha mazoezi. Mwanawe ataingia ukumbini akute hakuna wa rangi yake, si jukwaani si vitini, na baadhi ya wanaomtazama wameshamhukumu kabla hajagusa uzi. Wazazi wengi humwambia ajitahidi maradufu. Naelewa kwa nini, lakini mzigo huo unanitia hofu. Mtoto anayepiga ili kuthibitisha utu wake, atapata wapi nafasi ya kuupenda muziki?

Chanda chema huvikwa pete. Huko Tryon, North Carolina, Marekani, chanda kilitazamwa rangi kwanza. Miaka ya 1940, Eunice Waymon, binti wa mhubiri, alivuka reli kwenda kwa mwalimu wake Mzungu, Muriel Mazzanovich, kujifunza Bach. Alisimulia baadaye kwamba siku ya onyesho lake la kwanza, maktabani, akiwa bado mtoto, aliona wazazi wake wakiondolewa viti vya mbele kuwapisha Wazungu. Akasema hapigi mpaka warudishwe. Wakarudishwa.

Nimelifikiria sana tukio hilo. Mtoto yule alikuwa amefundishwa kwa miaka kwamba palipokosewa haparukwi. Unarudi, unasahihisha, ndipo unaendelea. Nadhani ndivyo alivyofanya.

Mwaka 1951 Taasisi ya Muziki ya Curtis, Philadelphia, ilimkataa, naye aliamini sababu ni rangi yake. Dunia ikaja kumjua kwa jina la Nina Simone, mwimbaji, ilhali ndoto yake ilikuwa piano ya klasiki. Curtis ilimtunuku shahada ya heshima mwaka 2003, siku chache kabla hajafariki.

Sheku alishinda shindano la BBC la wanamuziki chipukizi mwaka 2016, Mweusi wa kwanza tangu lianze mwaka 1978. Hata hivyo, mwaka 2024, aliposema redioni kwamba wimbo wa kizalendo wa Uingereza, "Rule, Britannia!", haufai kupigwa kwenye tamasha la Proms, alimiminiwa matusi ya kibaguzi. Ushindi haukumkinga.

Basi wewe unayemlea mtoto mwenye sikio la muziki, usingoje ukumbi ubadilike ndipo umpeleke. Mpeleke sasa. Na siku ya onyesho wahi mapema, ukae kiti cha mbele, mahali ambapo akiinua macho atakuona.