Mgeni na Adui Katika Neno Moja

Mwanafunzi msomaji, ukiulizwa maana ya neno la Kiingereza hostility, yamkini utajibu upesi: uadui. Jibu hilo si kosa, lakini halijatimia. Hebu tulitazame neno lenyewe pamoja na nasaba yake.

Asili yake ni neno la Kilatini hostis. Katika zama za Cicero, hostis alikuwa adui wa taifa vitani. Lakini Cicero mwenyewe, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alieleza kwamba kwa wazee wa kale neno hilo lilikuwa na maana ya mgeni tu. Ushahidi wake aliutoa katika Sheria za Mbao Kumi na Mbili, zilizowekwa kiasi cha mwaka 450 kabla ya Kristo. Neno hostis lina ndugu yake, hospes, maana yake mgeni anayekirimiwa au mwenyeji anayemkirimu. Katika ukoo huo limetoka neno hospitali, ambalo wewe hulitumia kila siku. Basi ukarimu na uadui vilitoka shina moja.

Sasa tupime tafsiri. Chuki hukaa moyoni, na mtu aweza kuificha. Uhasama ni mvutano wa pande mbili zinazoshindana. Hostility mara nyingi huonekana kwa nje, katika uso, maneno au matendo. Na likiwa katika wingi, hostilities, maana yake ni mapigano. Kwa hiyo ukisoma kwamba hostilities zimekoma, usiandike kuwa chuki imekwisha. Silaha zimewekwa chini. Habari za mioyo hazikutajwa.

Tofauti hiyo si mchezo wa shuleni. Kebirigo ni soko katika Kaunti ya Nyamira, ambayo imepakana na Kericho na Bomet. Mgusii humwita mgeni omogeni, na adui omobisa. Jina la kwanza ni jamaa wa mgeni wetu wa Kiswahili, ambaye ni mtu asiyejulikana, tena ni mtu wa kukaribishwa. Hata hivyo, mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa mwaka 2008, mapigano yalizuka mpakani kati ya Wagusii na Wakipsigis. Watu waliouziana vyakula sokoni waliitana maadui. Safari ambayo neno la Kirumi liliifanya kwa karne nyingi, jina la jirani liliifanya kwa usiku mmoja.

Kwa sababu hiyo, msomaji, utakapotafsiri neno hili, jiulize kwanza: je, ni chuki, uhasama, uadui, au mapigano? Na utakapomtaja jirani yako wa ng'ambo ya mpaka, jiulize vivyo hivyo kabla hujatamka.