Uzito Uko Mguu Gani?

Siku hizi ukitaka kumsifu mchoraji, unamwambia kazi yake imetoka kama picha ya kamera. Sifa hiyo naisikia Kasulu, naisikia Kibondo, na kwenye simu naiona kila siku chini ya michoro ya penseli na mkaa: sura ya msanii wa Bongo Fleva, jasho tone kwa tone, kope moja moja. Vijana wanaochora hivyo wana subira ya ajabu. Lakini mimi nafundisha kuchora watu kwa mkaa huku milimani, na nina ugomvi na sifa yenyewe.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye vidole. Wengi wetu tulichora kwa mara ya kwanza kwa makini kwenye somo la baiolojia: penseli iliyochongwa, mstari mmoja safi, usitie kivuli. Kwa panzi au ua la mharage ni kanuni nzuri, maana mtahini anataka kuona sehemu na majina yake. Shida ni kwamba tunaondoka shuleni na mshiko ule ule. Penseli imebanwa karibu na ncha, kiganja kimelala juu ya karatasi, mgongo umeinama. Kinachotembea hapo ni vidole peke yake, navyo havifiki mbali. Ndiyo maana mchoro unaanzia jichoni, unahamia puani, na ukifika kiunoni karatasi imekwisha.

Mkaa unadai mshiko mwingine. Kipande kinalala chini ya kiganja, kimeshikwa kwa dole gumba na ncha za vidole, kama unavyookota kisu mezani. Ubao unasimamishwa, mchoraji anasimama umbali wa mkono ulionyooka, na mstari unatoka begani. Macho yanaona karatasi yote na mtu mzima kwa pamoja. Hapo swali la kwanza linabadilika. Badala ya kuuliza mtu huyu ana pua ya namna gani, unauliza uzito uko mguu gani. Unashusha timazi ya macho kutoka shimo la koo hadi chini. Kwa mtu aliyeegemea mguu mmoja, timazi inaangukia karibu na kifundo cha mguu huo. Nyonga ya upande huo inapanda, na bega lake mara nyingi linashuka. Ukikosea hapo, hakuna kope itakayouokoa mchoro. Mtu ataning'inia hewani.

Mkaa wa gunia haufai sana kwa kazi hii. Magogo magumu ya miombo yanatoa mkaa unaokwaruza karatasi. Tunachoma vijiti vyembamba ndani ya kopo lenye kifuniko na tundu dogo. Moshi ukikatika, tunaliacha kopo lipoe kabla ya kulifungua, la sivyo vijiti vinashika moto na kuwa majivu.

Kwa nini nahangaika na nyonga na visigino? Kwa sababu eneo letu limejulikana nje kwa sura za watu. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta ya Kibondo ikapokea Warundi kuanzia 2015. Kamera zimekuja na kurudi na picha zinazofanana: macho ya mtoto, uso wa mama, nyuma ukungu mtupu. Picha hizo zinaomba huruma, na pengine huruma imeleta unga na maharage. Ila hazituambii mama yule anasimamaje saa ya tatu ya foleni, mtoto mgongoni, galoni miguuni, anapohamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine bila kupoteza nafasi yake. Huko kuhamisha uzito ni akili na ni kazi. Usoni hakuonekani.

Peterson Kamwathi wa Kenya, aliyezaliwa 1980, ameliona jambo hili. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 alichora kwa mkaa mfululizo mkubwa alioupa jina *Sitting Allowance*, yaani posho ya kikao, na baadaye akazichora foleni. Watu wake ni wazito. Wanasimama kama nguzo, na nguvu au unyonge wao naisoma kwenye mabega. Nina lawama moja tu kwake. Wakati mwingine uzito ule unagawanywa sawasawa, mtu wa kwanza na wa mwisho wanasimama namna moja. Kwa nchi iliyogawanyika kambi kambi ni hoja kali. Kwa foleni ya maji si kweli, maana hakuna wawili wanaochoka sawa.

Sam Ntiro, Mchaga aliyesoma na kufundisha Makerere, alikwenda njia nyingine. Alipaka rangi, hakutumia mkaa, na watu wake ni wadogo, nyuso zao hazina mengi. Hata hivyo unajua nani analima na nani amebeba, kwa sababu migongo inasema. Mchoro usiotegemea uso, basi, si jambo geni kwetu.

Najua pingamizi. Familia iliyofiwa inataka sura ya marehemu ukutani. Mkao wa nyonga hautawafariji. Ni haki yao, na mchoraji anayewapa sura hiyo anafanya kazi ya heshima. Ninachokataa ni kuifanya kamera kuwa mtahini wa kila mchoro.

Mwanafunzi wangu mmoja alimchora jirani yake akisubiri bombani, kwa nyuma, bila uso kabisa. Majirani walipoiona karatasi walimtaja kwa jina papo hapo. Ule mguu wa kushoto uliolegea na kiganja kilichoshika kiuno vilitosha. Mkono wa kulia bado ni mrefu mno, na nimemwambia. Kuhusu mguu sina la kumsahihisha.